Kikundi cha Lubumbashi kinapoenda kuzamia baharini msimu wa kusi

Anzeni na siku ya kurudi, kisha mhesabu kinyumenyume. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia ya malori kutoka Dar es Salaam inapanda zaidi ya hapo: ukishapita Morogoro na mlima Kitonga uko Iringa, mita 1,600 hivi, halafu Mbeya, 1,700. Aliyepumua hewa ya mtungi chini ya maji anatoka na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini. Akipanda penye hewa nyepesi kabla haijatoka, inageuka mapovu kwenye viungo na mishipa, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Ndege ni yaleyale, maana hewa ya ndani yake inaweza kuwa sawa na ya mlima wa mita 2,400. Kanuni ni kungoja saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa au siku mfululizo. Kwa kikundi, wekeni 24 kwa wote. Hakuna haja ya kubishana nani alizama mara ngapi. Watu hukumbuka ndege na kusahau barabara. Anayetoka majini Jumamosi saa nane mchana, akaondoka kwa gari saa mbili usiku, atakuwa anapanda Kitonga alfajiri, saa 14 tu zimepita.

Likizo kubwa ya shule kwetu inaangukia wakati mbaya. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma tangu Aprili hadi Septemba na hukaza Juni mpaka Agosti, miezi ileile watu wanapopata nafasi. Bahari nzuri zaidi ni ya matlai, upepo mwanana wa kutoka mashariki, Oktoba na Novemba. Kama lazima iwe Julai, chagueni tarehe kwa mwezi wa angani: bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar na Zanzibar hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na yote hayo hupita kwenye milango ya miamba ndani ya saa sita. Nendeni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hata hivyo mkondo ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na mashua ndogo hupata taabu hata kama taarifa ya asubuhi ilikuwa ya kawaida.

Saa nazo zimewahi kuharibu mipango mizuri. Pwani iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Jedwali la maji limeandikwa kwa saa za kule, na kipindi maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa ni kifupi. Saa ya mkononi ambayo haikurekebishwa inakupeleka majini mkondo ukiwa katikati ya kasi yake. Nahodha akisema saa tatu ni saa tatu asubuhi ya Kiswahili. Aliyezoea kutaja saa kwa Kifaransa aandike zote mbili.

Nani aende? Kiwango cha chini cha kozi ya kwanza ya uzamiaji, kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10 bila kushika kitu, kirudiwe na kila mtu kwenye piscine ya hapa mjini majuma mawili kabla. Hatujali kasi yake, tunatazama anavyopumua akishachoka. Ambaye hajazama kwa mwaka mzima, au ambaye hajawahi kuzama ila kwenye maji tulivu, asianzie kwenye bahari ya kusi. Mwenye mafua abaki nchi kavu hata kama amelipa: masikio yaliyoziba hayasawazishi shinikizo, na wimbi linalokupandisha na kukushusha mita moja moja karibu na uso wa maji huyaumiza.

Hesabu ya hewa ifanyike mezani, kwa kalamu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa) una lita 2,400. Toa baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye kina cha mita 20 anatumia mara tatu, yaani 60: dakika 30. Huyohuyo akiwa na wasiwasi na akipambana na mkondo anafika 30 juu, 90 chini, na dakika zimekuwa 20. Ndiyo maana katika bahari iliyochafuka tunataka mtu afike juu na baa 70, si 50. Huko juu ndiko atakakomeza maji akitoa kifaa cha hewa mdomoni mapema.

Vifaa vya kukodi vikaguliwe jioni ya kabla, si kwenye mashua inayoyumba. Fungua mtungi, pumua mara nne kwa nguvu huku jicho likiwa kwenye geji. Sindano ikishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, koki haikufunguliwa yote. Juu utapumua vizuri, kwenye mita 20 hewa itakuwa nzito kama ya mrija uliobanwa. Bebeni oringi za akiba (pete za mpira zinazozuia hewa kuvuja), kamba ya miwani, kamba ya mapezi na mpira wa mdomoni. Kila wawili wawe na boya refu la ishara la rangi ya chungwa na kamba ya mita 30, na kila mmoja filimbi. Kati ya mawimbi ya mita moja na nusu kichwa cha mtu hupotea machoni karibu sana na mashua.

Mwenye mashua muulizeni oksijeni, na msiridhike na "ipo". Mtungi wa lita 2 wenye baa 200 ni lita 400. Mgonjwa akipewa lita 15 kwa dakika anaimaliza kwa dakika 26. Kama pwani ni mwendo wa saa nzima, hautoshi. Muulizeni pia chumba cha mgandamizo, kile cha kutibu mzamiaji mwenye mapovu mwilini, kinachofanya kazi kiko wapi na nani atapigiwa simu. Na hili ni letu sisi: Lubumbashi kila maumivu ya viungo ni malaria mpaka ithibitishwe vingine. Mzamiaji anayeumwa bega, anayehisi ganzi au uchovu usio wa kawaida siku hiyo au kesho yake apewe oksijeni na apelekwe kwa daktari aliyeambiwa wazi kwamba alizama. Kipimo cha malaria kitafuata.

Wanne kwa kiongozi mmoja, si wanane. Kumbushaneni kwamba kidole gumba juu chini ya maji maana yake ni "tupande", si "poa". Mkipoteana, tafuta dakika moja tu kisha panda, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Zile dakika 3 za kusimama mita 5 kabla ya kutoka majini, ili naitrojeni ipungue, zifanyeni kwenye mita 6, kwa kamba ya boya lenu. Kamba iliyofungwa kwenye mashua itawarusha juu na chini.

Asubuhi someni tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Likitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya zaidi ya mita 2, rudini kulala. Lisipotaja, bado mtu mmoja akikataa haulizwi sababu. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kupanda, na mkate na ndizi vinatosha. Bukari lisubiri mchana.

Anayebaki kwenye mashua ashike orodha ya majina kwenye karatasi, aite jina na kusubiri sauti. Kuhesabu vichwa kumewahi kumhesabu baharia. Kwenye ngazi apande mmoja, miwani usoni na hewa mdomoni, risasi za uzito za mkanda zikitangulia kupokewa, na injini isiwe kwenye gia. Anayefuata akae mita kadhaa pembeni, asikae chini ya ngazi: mtungi wa chuma ukiteleza na aliyeuvaa, utamwangukia yeye.