Kabla hujalitia dawa jeraha, mambo ya kuzingatia

Nawa mikono kwa sabuni. Vua pete kama kidole ndicho kilichoumia, maana kikishavimba haitoki.

Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Kila ukifunua unang'oa utando wa damu ulioanza kuganda, na huo ndio kizibo cha kwanza cha mwili.

Kisha osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, dakika 5 hivi. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe dakika 15 kamili, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Spiriti ipake kwenye ngozi nzima ya pembeni tu. Ndani ya jeraha haichagui: inaua vijidudu, inaua na chembe nyeupe za damu zinazofika pale ndani ya saa chache kuvimeza. Majivu, dawa ya meno na kinyesi cha ng'ombe usiviguse kabisa. Wekundu, joto na uvimbe kidogo siku mbili za mwanzo visikutishe. Mishipa midogo imetanuka ili chembe hizo zipite.

Sasa msumari, ambao watu wengi huudharau. Mtu amevaa kandambili, anakanyaga ubao wenye msumari. Anauchomoa, tone moja la damu, anaendelea na kazi. Kesho yake tundu limejifunga juu. Chini kabisa kumebaki udongo, labda na kipande cha raba, kwenye nyama iliyopondeka isiyofikiwa na damu vizuri. Chembe nyeupe hazifiki kwa wingi, na zinazofika zinakosa oksijeni ya kutengenezea sumu zao za kuulia bakteria. Bakteria wa pepopunda wanataka hapohapo pasipo na hewa. Hawahitaji kuleta usaha. Wanatoa sumu inayopanda kwa mishipa ya fahamu, na siku 3 hadi 21 baadaye taya linakaza wakati mguu unaonekana umepona.

Kinga ya kuzaliwa, kama hizo chembe nyeupe, haiwezi sumu hiyo. Hata aliyeugua akapona hapati kinga, kwa kuwa sumu inayotosha kumlaza mtu ni ndogo mno mwili kuitambua. Ni chanjo tu. Kwa jeraha chafu, kama dozi ya mwisho imepita miaka 5, nenda ukachome nyingine. Jeraha safi, miaka 10. Asiyewahi kumaliza dozi 3, au asiyekumbuka, aseme wazi, kwa sababu huenda akahitaji pia sindano ya kingamwili (protini zinazozima sumu) zilizo tayari. Wajawazito huchomwa kliniki. Akina baba wengi mara ya mwisho walikuwa mgongoni mwa mama zao, kwa hiyo tafuteni kadi zenu za chanjo kabla msumari haujawatafuta.

Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni. Sukari ikipanda chembe nyeupe huzubaa, na ganzi inaficha maumivu. Kigaga kisibanduliwe. Mstari mwekundu ukipanda mguuni, mtoki ukivimba, homa ikianza au mdomo ukiwa mgumu kufunguka, usingoje asubuhi.