Kijana anacheza futiboli haiskuli na anataka chuo: mambo ya kuweka sawa kabla makocha hawajaanza kupiga simu

Wazazi wenzangu mlioko Texas, Kentucky, Arizona, Idaho na kwingineko huku Marekani, hasa nyie ambao vijana wenu wameipenda hii futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega makubwa, halafu nyumbani hakuna hata mmoja anayejua mambo ya kusajiliwa na chuo yanaendaje, haya nawaandikia nyie. Kipaji tunacho. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia upande wa Montreal, akaenda chuo cha Michigan na mwaka 1995 akawakimbiza Ohio State yadi 313 kwenye mechi moja, mwaka uliofuata Carolina Panthers wa ligi ya kulipwa ya NFL wakamchukua wa 8 kwenye drafti nzima, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Kinachowaangusha vijana wetu wengi siyo mwendo wala mwili, ni darasa na makaratasi, na hayo yanaanza darasa la tisa wakati hakuna kocha yeyote anayemjua mtoto wako.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni masomo yale wanayoyaita ya msingi. NCAA, ambao ndo wanasimamia michezo ya vyuo vingi, wanataka masomo 16 ya namna hiyo kwa anayekwenda Divisheni ya 1, daraja la juu kati ya matatu waliyonayo: Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3 kuanzia Aljebra 1 kwenda juu, sayansi miaka 2, mwaka mmoja wa ziada kwenye mojawapo ya hayo matatu, sosho sayansi miaka 2, na mengine 4 kama lugha ya kigeni. Wastani wa hayo 16 usishuke chini ya 2.3 kwenye kipimo cha 4.0, na Divisheni ya 2 ni 2.2. Sasa sikiliza vizuri hapa, siyo kila somo lililoko kwenye ripoti ya mtoto linahesabika, kila haiskuli ina orodha yake iliyopitishwa na NCAA na iko kwenye tovuti yao mtu yeyote anaweza kuitazama, na unakuta mtoto aliyekuja juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale amewekwa kwenye madarasa ya ESL, Kiingereza cha wageni, ya kuanzia mwaka mzima au miwili, anapata A, nyumbani mnafurahi, kumbe mengi ya madarasa hayo hayamo kwenye orodha. Nenda kwa kaunsela, mshauri wa masomo pale shuleni, peleka hiyo orodha, uliza somo moja moja. Usione aibu ya Kiingereza, omba mkalimani, shule za umma zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa.

Halafu kuna sheria ya 10 na 7, hii wengi wanaisikia wakati imeshapita. Kwa Divisheni ya 1, kabla mwaka wa mwisho haujaanza kijana awe ameshamaliza masomo 10 kati ya yale 16, na 7 kati ya hayo yawe Kiingereza, hesabu au sayansi, na alama za hayo zinafungwa hapo hapo, huwezi kurudia somo mwaka wa kumi na mbili ili kupandisha. Ndo maana nasema darasa la tisa. Na masomo hayo 16 yanatakiwa kuisha ndani ya miaka minne, inayohesabiwa tangu siku alipoanza darasa la tisa au kiwango kinacholingana nalo popote duniani, hata kama alianzia Kigoma au Nairobi halafu huku akarudishwa nyuma, saa ilishaanza kule. Kwa hiyo tafuteni matokeo ya kule mapema, ya kila mwaka, kwa lugha ya asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kama kuna ndugu kule anayeweza kwenda shuleni kuyafuatilia mwambieni sasa hivi, msingoje hadi kocha wa chuo ayaulize, maana kule faili linaweza kukaa ofisini miezi. Na kama imeshindikana Divisheni ya 1, Divisheni ya 2 haina ile sheria ya 10 na 7.

Umri nao. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa, na mwaka wenyewe mara nyingine ulikadiriwa tu. Majimbo yana ukomo wa umri wa kucheza haiskuli, Texas kwa mfano mchezaji asiwe ametimiza miaka 19 hadi tarehe 1 Septemba, kwa hiyo tarehe moja tu iliyokosewa inaweza kumtoa kijana uwanjani msimu wake wa mwisho ambao ndo makocha wanautazama. Kama una vithibitisho vya tarehe sahihi, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, anza utaratibu wa kurekebisha kwa njia ya sheria mapema sana. Ila kubuni tarehe usithubutu, hilo linagusa hadi makaratasi yenu ya uhamiaji.

Mtihani wa SAT na ACT, ile ya kuombea chuo, NCAA waliuondoa kwenye masharti yao Januari 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza bado kuutaka, na alama nzuri zinaleta hela ya masomo, kwa hiyo afanye. Kujiandikisha NCAA Eligibility Center, ofisi yao inayohakiki kama mchezaji ametimiza masharti, kuna ada ila familia ya kipato kidogo inaweza kusamehewa, ongea na kaunsela huyo huyo.

Tuje kwenye video. Karibu shule zote zinatumia Hudl, tovuti ya kuwekea video za mechi, na video ya kijana iwe fupi, matukio makali kabisa yawe mwanzoni maana kocha akiona mawili matatu ya kawaida anafunga anaenda kwa mwingine. Kila tukio lionyeshe yeye yuko wapi kabla mpira haujaanza, kwa duara au mshale, hasa wale wa laini ambao hawaguswi na mpira. Muziki wenye matusi toa. Urefu na uzito viwe vya kweli, watavipima tu. Kisha aandike imeili mwenyewe, siyo mama wala mjomba, makocha wanataka kumsikia kijana: jina, mwaka wa kuhitimu, nafasi anayocheza, wastani wa masomo, linki ya video, namba ya kocha wake. Majina ya makocha wa kila chuo yako kwenye tovuti za vyuo. Makocha wana kalenda inayowabana lini waanze kumtafuta mtoto, lakini mtoto kuandika yeye hajafungwa, kwa hiyo ukimya wa mwanzo usiwavunje moyo. Na ukurasa wake wa X uwe safi, makocha wa futiboli wanaishi humo.

Zikianza kuja barua zenye rangi za kumwalika kwenye kambi za mazoezi za vyuo mwezi wa sita, tulieni. Mwaliko wa kambi siyo ofa, barua hizo zinatumwa kwa vijana wengi mno na kambi inalipiwa. Chagueni chache, pale ambapo kocha wa nafasi yake ameshaangalia video yake na amejibu. Na hao wanaowapigia wazazi kwamba walipwe maelfu ya dola wamtafutie mtoto skolashipu, mimi naona hiyo hela ibaki iwe ya nauli, kazi wanayoifanya kijana na kocha wake wa haiskuli wanaiweza bure.

Ofa ya mdomo haimfungi mtu, si chuo si kijana. Muulizeni kocha wazi wazi: akisema ndiyo leo mnampokea leo? Mnachukua wangapi wa nafasi yake mwaka huu? Tangu makubaliano ya kesi ya House, ile ya vyuo kuwalipa wachezaji, yalipopitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vikubwa vilivyoingia kwenye makubaliano yale vina ukomo wa wachezaji 105, zamani walikuwa na skolashipu 85 halafu wanajaza na wasiolipiwa hadi wanapita mia na ishirini, na juu ya hapo kuna wachezaji wanaohama chuo kwenda chuo ambao ni wakubwa na wameshakomaa, kwa hiyo mtoto wa haiskuli nafasi imembana. Kati ya vijana zaidi ya milioni moja wanaocheza haiskuli, wanaofika NCAA ni kama 7 katika kila 100, na hiyo ni kwa divisheni zote tatu. Msidharau Divisheni ya 2, NAIA ambacho ni chama kingine cha michezo ya vyuo, wala juko, yaani vyuo vya miaka miwili. Divisheni ya 3 na vyuo vya Ivy League, vile vinane vya zamani kama Harvard na Yale, hawatoi skolashipu ya michezo lakini msaada wao kwa mwenye kipato kidogo unaweza kuwa mkubwa kuliko nusu skolashipu ya kwingine, na juko za California nazo hazitoi skolashipu ya michezo, mjue kabla hamjapanda ndege.

Mwili pia muutazame. Akigongwa kichwa asifiche kwa sababu skauti yupo uwanjani, na mzazi usimsukume arudi kabla daktari hajaruhusu. Hapo sina mjadala.

Kusaini huwa mwanzoni mwa Desemba au Februari. Ile barua ya zamani ya National Letter of Intent ilifutwa Oktoba 2024, siku hizi anachosaini ni mkataba wa msaada wa fedha na chuo, kwa hiyo someni: ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipia chakula na malazi au ada tu, akiumia inakuwaje. Mpeni mtu anayejua Kiingereza cha mikataba ausome kabla ya kalamu. Kama kuna hela za NIL, zile anazolipwa kwa jina na sura yake kutumika, na kijana yuko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, muoneni mwanasheria wa uhamiaji kwanza, viza ile ina masharti ya kazi. Na FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, ijazeni mapema msimu ule ule wa vuli wa mwaka wa mwisho, hata kama skolashipu imeshaahidiwa, mwenye green card ana haki nayo, na chuo kitaihitaji ili kujua kina pengo gani cha kuziba.