Kadi ya mkopo ukiwa mgeni Marekani

Mdogo wangu, umefika Marekani na kila mwenye nyumba anataka historia yako ya mikopo. Kadi ya mkopo ndiyo husaidia kuijenga historia hiyo, kwa hiyo usiikimbie, ila anza na ile ya dhamana: unaweka benki dola 200, nao kwa kawaida wanakupa kikomo cha matumizi cha kiasi hichohicho. Lipia simu tu, basi.

Bili ikija, usikimbilie kiwango cha chini cha kulipa. Ukidaiwa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ya mwezi ni kama dola 20. Ukilipa 35, deni limepungua 15 tu! Sheria ya 2009 inawalazimisha waandike kwenye bili utamaliza lini kwa mwendo huo. Soma hapo, jasho litakutoka. Ukilipa yote kabla ya tarehe, kwa kawaida manunuzi hayana riba.

Faida ninayoipenda mimi: mwizi akiitumia, hasara yako kisheria haizidi dola 50. Ila usitoe nayo pesa taslimu kwenye ATM. Riba huanza siku hiyohiyo, na ada juu yake. Na shemeji akiomba namba ya kadi "mara moja tu", mwambie kikomo kimejaa.