Somo: Kuelekea uzamivu (PhD) wa saikolojia ya michezo na utendaji

Kila wiki ninaulizwa jambo hili hili, mtu afuate hatua gani hadi apate uzamivu huu, kwa hiyo ninaliandika mara moja, na atakayenisimamisha tena hapa Kigoma nitamwelekeza huku.

Kwanza, maliza uzamili. Pili, amua utafanya kazi gani, kwa maana huko Marekani PhD inayotolewa na idara ya sayansi ya michezo haikupi peke yake leseni ya kutibu watu. Leseni hupitia saikolojia ya tiba au ya ushauri nasaha. Tatu, tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Nne, barua ya chuo ya kukuombea ruhusa ya utafiti ifike kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, ndipo uanze kukusanya data.

Tano ni hojaji, na hapo ndipo nilipoumia. Nilichagua CSAI-2 ya mwaka 1990, hojaji ya Kiingereza ambayo mchezaji huijaza kabla ya mashindano, yenye vipengele 27 vinavyopima wasiwasi wa mawazo, wasiwasi wa mwili na kujiamini, nikaitafsiri peke yangu usiku mmoja. Kipengele cha kwanza nilikiandika "Ninayajali mashindano haya." Vijana wa timu niliyoipelekea wakazungushia 4, alama ya juu kabisa, kwa fahari, kwani mchezaji gani atakiri kwamba haijali mechi yake? Kwa hesabu zangu timu nzima ilikuwa na wasiwasi mkubwa, ilhali beki wao alikuwa ameketi mbele yangu akitafuna muwa na kucheka. Karatasi zote nilizitupa. Usitafsiri peke yako: mwingine asiyeiona hojaji ya asili akirudishe Kiswahili chako katika Kiingereza, mlinganishe, kisha wachezaji wachache wakueleze walivyoelewa kila sentensi. Usiruke hata moja kati ya hayo.

Swali: Nikipata PhD nitaruhusiwa kutibu?
Jibu: Ndugu, soma hatua ya pili.

Swali: Na cheti cha CMPC, kile cha washauri wa utendaji wa akili michezoni?
Jibu: Hicho hutolewa na AASP, chama cha wataalamu wa saikolojia ya michezo, kinadai saa 400 za kazi chini ya mlezi, na hata mwenye uzamili anaweza kukipata.

Swali: Mwalimu, huenda kosa halikuwa la tafsiri tu. Je, kwa Kiingereza kipengele hicho kinaeleweka?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Hata kwa Kiingereza kimelalamikiwa kwa sababu hiyo hiyo, kwani kuijali mechi si kuiogopa. Lipo toleo la CSAI-2 lililorekebishwa mwaka 2003 lenye vipengele 17, anza nalo. Lakini kabla ya hojaji yoyote, waache wachezaji wakusimulie penalti waliyokosa. Mmoja wa Ujiji aliniambia, "Miguu ilikufa ganzi," na maneno hayo yalinifaa kuliko yote niliyoyatoa kwenye kamusi.

Mchangiaji: Naongeza: kocha asisimame hapo wanapojaza.
Jibu: Kweli kabisa, kaka. Akiwa karibu, kila mmoja huwa jasiri. Mimi humwomba akanisaidie kuhesabu mipira.