Mboga za Chupa: Kuchemsha kwa Muda Mrefu Hakuondoi Hatari

Mavuno ya maharage machanga, karoti na njegere yanapozidi soko, vikundi vingi vya usindikaji kuanzia Mbeya hadi Njombe hujaza mboga hizo katika chupa za kioo, huzichemsha ndani ya sufuria ya maji kwa saa 2 au 3, kisha huamini kwamba kila kijidudu kimekufa. Imani hiyo ndiyo kosa ninaloliandikia, kwa kuwa naikuta hata kwa wasindikaji waliokwisha kupata mafunzo, na gharama yake si mtaji peke yake bali pia uhai wa mlaji. Usafi wa chupa na uoshaji wa mboga mnaujua; siurudii.

Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupatikana udongoni, na mboga inayogusa udongo humbeba. Mazingira yakiwa magumu kwake, hujihifadhi katika umbo la spora, ambayo huweza kustahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Ndani ya chupa iliyofungwa hakuna oksijeni, bakteria wengine wamekwisha kuuawa na moto, unyevu upo na asidi ni kidogo, kwa hiyo spora huchipua na bakteria huanza kutengeneza sumu. Msindikaji anakuwa amempalilia adui yake shamba.

Kwetu huku tatizo ni kubwa zaidi. Kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo Mbeya mjini, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 za Selsiasi, na Njombe chini kidogo ya hapo. Kuziua spora hizo kunahitaji nyuzi 121 kwa dakika 3 katikati ya chakula chenyewe. Kuongeza kuni hakupandishi joto la maji ndani ya sufuria ya kawaida. Yatabubujika zaidi na kukauka mapema, basi.

Mpaka wa usalama ni pH 4.6; pH ni kipimo cha asidi, na namba ikipungua asidi huzidi. Chakula chenye pH ya chini ya hapo kina asidi ya kutosha kuizuia spora isichipue, na ndicho pekee kinachoweza kusindikwa kwa maji yanayochemka. Nyanya, zikiwemo zile za Ilula zinazosifika, hukaa karibu sana na mpaka huo na baadhi huuvuka, hasa zilizoiva kupita kiasi. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita iwekewe kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau ya dukani, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Limau la kukamua nyumbani halifai kwa kazi hii, kwa sababu ukali wake hubadilika kutoka tunda hadi tunda. Nyanya zilizopondwa na kujazwa zikiwa moto zichemshwe dakika 45 kwa maeneo ya mita 915 hadi 1,830, na dakika 50 juu ya hapo, zikihesabiwa tangu maji yaanze kuchemka tena baada ya chupa kuingizwa. Wapo wanaohesabu tangu kuwasha moto. Huko ni kujidanganya.

Anayetaka kuuza karoti au maharage machanga bila mtambo wa mgandamizo, unaopandisha joto kupita lile la maji yanayochemka, azifanye achari, kwa siki yenye asidi ya asilimia 5, na maji yasizidi kiasi cha siki. Mteja akilalamika kuwa ni kali, ongeza sukari, usiongeze maji.

Maharage machanga yasiyotiwa siki yanahitaji mtambo wa mgandamizo uliotengenezwa kwa kusindika chupa. Presha kuka ya jikoni si mtambo huo. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka uzito juu ya tundu la mvuke, kwani hewa iliyobaki hupunguza joto, kisha sindika kwa mgandamizo wa pauni 15 kwa inchi ya mraba, dakika 20 kwa chupa za nusu lita na 25 kwa za lita. Mgandamizo ukishuka katikati, hesabu ianze upya tangu dakika ya kwanza. Naona watu wanajazia dakika zilizobaki tu!

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta ni hatari ileile, kwa kuwa mafuta huzuia hewa na hayana asidi. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, kitunguu saumu cha namna hiyo kilichokaa nje ya friji kiliwafanya walaji wa mgahawa mmoja waugue. Pilipili ya mafuta yenye saumu mbichi ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku 4. Kuipanga rafuni sokoni ni marufuku.

Chupa iliyofaulu kufungika, mfuniko wake hubonyea katikati ikipoa.

Hata hivyo, sumu ya bakteria huyu huweza kuwepo bila harufu wala kuvimba kwa mfuniko, hivyo usionje ili kuhakikisha. Mtu aliyekula akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea na kumeza kukawa kugumu, mara nyingi kati ya saa 12 na 36, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe alichokula. Chupa unayoitilia shaka usiifungue. Ifunge katika mfuko na uizike ikiwa nzima, mahali ambapo kuku na nguruwe hawataifukua, kwa sababu nao hudhurika.