Kuombea barabara jina la mchoraji

Barua yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu ya neno moja: mtaa. Niliandika "tunaomba mtaa uitwe", kumbe kwa Tanzania mtaa ni eneo zima lenye mwenyekiti na mtendaji wake. Wewe andika barabara, au njia kama ni uchochoro, na utaje inapoanzia na inapoishia.

Tafuta isiyo na jina. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 vibao vimesimama hadi vichochoroni, na ukigusa jina ambalo watu wameshalizoea, majirani hawatakusamehe.

Kwenye jina lenyewe nitasema zaidi, maana mimi ni mchora vibao. Tuseme unamwombea mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Kibao kikisomeka "Barabara ya Tingatinga", mgeni atadhani kuna mashine ya kusukuma udongo imeegeshwa humo. Majina yote matatu nayo hayakai vizuri: herufi zitabanwa, na mwenye bodaboda hasimami kusoma. "Barabara ya E. S. Tingatinga" inatosha.

Ambatisha maelezo ya nusu ukurasa. "Msanii maarufu" haimwambii diwani kitu. Mwambie alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, akaanza kuchora 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Kwamba picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Kwamba polisi walimpiga risasi mwaka 1972 wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na hadi leo vijana wanakula kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Kisha eleza barabara yako inamhusu vipi. Kama haimhusu, mwombee mchoraji wa kwenu.

Ndugu za marehemu waone barua mapema. Ni adabu, na wao ndio wanaojua jina linavyoandikwa.

Pendekezo lipite mkutano wa mtaa, liende kata, lifike halmashauri. Usitoke mkutanoni bila nakala ya muhtasari na orodha ya mahudhurio. Mimi niliambiwa "tutakutumia", nikangoja masika mawili.

Kibao kikiwa tayari, kisome kingali sakafuni, herufi kwa herufi, ukiwa na mtu mwingine. Nimewahi kuandika TINGATIGA mimi, na fundi alikuwa keshamwaga zege.