"-kali" kwenye habari: namna ya kukitumia kivumishi hiki msomaji asipotee

Fuatilia taarifa ya habari ya saa moja usiku, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, uhesabu: mvua kali, ulinzi mkali, onyo kali, ushindani mkali, hatua kali. Kivumishi kimoja, maana tano. Kisu kikali hukata, mbwa mkali huuma, pombe kali hulewesha upesi, mwalimu mkali hataki mchezo. Maana hutoka kwenye nomino inayotangulia, basi anzia hapo.

Funika "kali" kwa kidole, ujaribu neno jingine. "Mvua kali" itakubali "kubwa". Kubwa kiasi gani? Tahadhari za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya mara nyingi hutaja zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Ukiwa na kipimo, kiandike. Ukikikosa, andika mvua ilichofanya: Mto Nzoia umevunja kingo Budalang'i, au mawe yamechanachana majani chai Kericho.

"Hatua kali za kisheria zitachukuliwa" ndiyo inayotuponza zaidi sisi waandishi. Afisa huitamka, nasi tukainakili, na msikilizaji wa mtaa wa Kondele, Kisumu, habaki na lolote la kushika. Uliza kabla hujazima kinasa sauti: nani atachukua hatua, dhidi ya nani, kwa sheria ipi, kuanzia lini? Akijibu kwamba pikipiki zisizo na bima zitazuiliwa kituoni, hiyo ndiyo habari, na neno "kali" halina kazi tena. Asipojibu, andika kwamba hakufafanua hatua zenyewe.

Kwenye afya, chunga sana, hasa huku kandokando ya Ziwa Victoria ambako malaria ni ya kila siku. Kwa madaktari, malaria kali ni hali mahususi: mgonjwa amepoteza fahamu, ana degedege zinazorudia, au damu imepungua mno, na matibabu huanza kwa sindano ya artesunate. Homa kupanda peke yake haitoshi kuiita hivyo. Mzazi akisoma "malaria kali" kila wiki juu ya homa za kawaida, ataizoea, na siku ya degedege atachelewa.

Michezoni kuna mtego mwingine. Mtaani "mkali" ni hodari, na ngoma kali ni ile inayopendeza. Kichwa kikisema "Gor Mahia yapata kocha mkali", nusu ya wasomaji wataelewa ni fundi wa mbinu, nusu wataelewa hacheki na wachezaji. Andika "hodari" au "asiyevumilia utovu wa nidhamu". Na "Ulinzi mkali Afraha"? Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, ilichezea uwanja huo wa Nakuru miaka mingi; shabiki atadhani ni mechi kumbe ni polisi langoni. Sema "Polisi walinda Afraha".

Sasa upatanisho, ambapo redio nyingi huteleza. Nomino za umoja zinazoanza kwa U- huchukua m-: ulinzi mkali, upepo mkali, ushindani mkali. "Upepo kali" ni kosa. Kitenzi-jina huchukua ku-: kuhara kukali. Maumivu ni makali, visu ni vikali, baridi ni kali tu.

Jua kali lina yake. Likiwa joto la mchana, kitenzi hufuata ngeli ya jua: jua kali limekausha mahindi. Ikiwa ni sekta ya mafundi wanaochomelea madirisha na kugonga masufuria, maneno hayo mawili ni jina: sekta ya jua kali imekua, mafundi wa jua kali wamegoma. Usiandike "mafundi wakali" ukikusudia hao. Utakuwa umewasifu au umewaogopesha wateja wao.

Mwisho, "makali" ni nomino pia: makali ya panga, makali ya njaa. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huitwa hivyo kwa sababu hupunguza nguvu ya virusi bila kuvimaliza mwilini. Kwa hiyo usiziite dawa za kuponya UKIMWI, hata kichwa cha habari kikibanwa nafasi.